Mpiga Picha Aliyewapa Mgongo Wanamuziki

Ukumbi mzima ulitazama jukwaani, yeye peke yake alitutazama sisi. Hivyo ndivyo ninavyomkumbuka Mpiga Picha wetu wa Nguvumali, mtaani kwetu Tanga: mgongo kwa wanamuziki, kamera kifuani, kofia ya viua imesogezwa nyuma ili isizuie flashi, na uso mrefu usiocheka ovyo. Nyuma yake gitaa linanguruma hata mabati ya paa yanatetemeka, naye hageuki. Mgeni angedhani ametumwa kutuhesabu.

Sijui alizaliwa kijiji gani, zaidi ya kwamba Kipemba hakikumhama mdomoni, na ukoo wake sikuwahi kumuuliza. Hata jina lake wengi hatukulitumia. Watoto walimwita Mpiga Picha, maamuma wenzake msikitini walimwita Mpiga Picha, na mkewe chakula kikiiva alituma mtu: "Mwambieni Mpiga Picha ubwabwa unapoa."

Namwandika kwa sababu ya mwanamke mwingine kabisa, Mama Kassimu. Mwanawe, Kassimu, ndiye aliyekuwa akipiga lile gitaa. Alikuwa rafiki yangu na rafiki wa Zuhura, shoga yangu tangu tukiwa na mikia ya nywele. Alikwenda Mombasa kutafuta kazi ya muziki, akaugua huko, akafa, na wenyeji wakamzika siku ileile kama ilivyo ada yetu, kabla mama yake hajavuka mpaka. Mama alibakiwa na picha moja ya kitambulisho ambamo Kassimu katoa macho kama mtu aliyefumaniwa. Hakuwahi kumwona akipiga jukwaani. Kila tukikutana sokoni au matangani aliniuliza: "Mwanangu, hakuna hata picha moja Kassimu kashika gitaa? Nataka nimwone alivyokuwa huko kwenu." Nami nilijua mtu mmoja tu aliyeingia na kamera ukumbini mule kila Jumapili, na mtu huyo alikuwa amempa Kassimu mgongo.

Studio yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na ukutani pazia lililochorwa ndege ya abiria pamoja na ngazi yake. Ukisimama alipokuelekeza ulionekana unapanda kwenda Ulaya. Picha zake zote zilikatwa juu ya kifundo cha mguu, na miaka ile ya shida hatukulalamika, maana karibu wote tulivaa katambuga za mpira wa gari. "Miguu haisafiri," alisema. "Huko mbele nani atajua mlivaa nini?" Mpaka leo wajukuu wetu wanaamini tulivaa viatu.

Alikuwa na koti moja la kijivu na tai moja, na nguo zilipoadimika madukani, koti lile lilioa nusu ya Nguvumali. Mabwana harusi walilipokezana kwenye benchi la nje, mmoja anavua, mwenzake anaingiza mkono. Mumewe Zuhura alilivaa, na kabla yake lilikuwa limevaliwa na mchumba aliyemwacha Zuhura kwenye mataa. Akigombana na mumewe, Zuhura huigeuza ile picha ukutani na kusema yeye aliolewa na koti.

Mtu huyu alikuwa na mambo yasiyopatana, na hakuhangaika kuyapatanisha. Barabarani akikutana na mwanamke huinamisha macho mpaka mwanamke apite. Studioni akikuwekea kidevu sawa, anakishika kama fundi anayepima ubao, wala huoni haya, kwa sababu na yeye haoni. Aliuita muziki wetu makelele. "Naenda kwenye makelele ya watoto," alimuaga mkewe, naye huyohuyo akawa wa kwanza kufika ukumbini kabla hata ya mwenye funguo. Wakati wa alasiri ukiingia alikwenda kuswali kwenye stoo, kati ya viti vilivyovunjika, na wale vijana wa jukwaani hawakuanza wimbo mrefu mpaka arudi. Mpiga ngoma aligonga polepole, pole kabisa, kama anamshikia mtu nafasi kwenye foleni. Mpiga Picha akitokea mlangoni akishusha mikono ya shati, ndipo ngoma zinaporuhusiwa kukasirika.

Mikanda ya picha ilikuwa adimu kuliko sukari. Ilipoingia ilipitia njia zile zile za sabuni na khanga, kwa kupenyezwa mpakani. Kisha ukaja msako wa walanguzi, na watu wakaingiwa na hofu hata ya vitu vyao wenyewe. Jirani alimwaga mafuta ya kupikia chooni. Mpiga Picha alitia mikanda yake kwenye kopo la maziwa ya unga, akalifukia uani karibu na banda la kuku, akapanda mchicha juu yake. Msako ukapita, mvua za masika nazo zikapita, akafukua. Unyevu ulikuwa umeingia kabla yake. Basi kila aliyepigwa picha kwa mikanda ile alitoka na ukungu, mtu angedhani Tanga nzima imehamia Amani milimani. Wateja wakilalamika aliwajibu, "Nimekutozeni picha. Ukungu huo nimekupeni tu."

Na palipokuwa hapana mkanda kabisa, hakukaa nyumbani. Alikuja ukumbini na kamera tupu, akatutangazia bila aibu, "Leo sina mkanda, nnayo taa tu." Betri za hiyo taa alikuwa ameshinda akizianika juani juu ya bati, kama tulivyofanya sote na betri za redio. Tukajipanga hivyohivyo, tukashikana mabega, taa ikapasuka usoni, tukashangilia picha isiyokuwepo. Nilimuuliza anapata nini. Alisema mkono usipofanya kazi husahau. Nadhani alikuwa anasingizia mkono.

Neno lake lilikuwa moja: "Subiri." Alilisema na kamera iko tayari, wewe umeshajiweka sawa, umeshavuta pumzi. "Subiri." Unasubiri mpaka uso uliouleta toka nyumbani unachoka, unadondoka, unabaki na ule wako. Hapo ndipo kidole kinashuka.

Sasa muziki wenyewe. Bugi letu, tamasha la vijana, lilikuwa la mchana, Jumapili baada ya adhuhuri, na ili tupate giza tulifunika madirisha kwa magunia ya katani. Mwanga ukapenya kwenye nyuzi za gunia, ukatuangukia mwembamba mwembamba, wa rangi ya chai. Joto lilikuwa la kukausha samaki. Vijana wenyewe walikuwa wanne, mafundi wa karakana, Kassimu akiwa mmoja wao, mbele, na gitaa lililopitishwa kwenye spika ya redio kuukuu aliyoichana kwa wembe makusudi ili sauti itoke na kwaruzo. Haikuwa dansi. Wimbo wao mmoja ulichukua muda wa kupika maharage. Ulianza unatembea kama mtu kwenye mchanga, kisha ngoma zinabadili mwendo, gitaa linakataa kufuata, besi inakwenda njia yake, unadhani wamepotezana. Halafu, usijue vipi, wote wanne wanatua mahali pamoja kwa kishindo, na ukumbi mzima unatoa pumzi. Wazee wa dansi walipita nje wakauliza, "Hawa wanapiga au wanafua chuma?" Tukalipenda neno lao. Tukauita muziki wa chuma.

Hatukuweza kuucheza. Tulijaribu, miguu ikapishana. Tukawa tunasimama tu, bega kwa bega, tunatikisa vichwa, macho yamefumba, jasho linatudondoka, na kila mtu yuko peke yake na wote tuko pamoja. Zuhura aliapa kwamba siku moja alitoka mwilini akauona mtandio wake kutoka juu. Sikumbishia. Mimi mwenyewe niliingia mule na njaa ya wiki nzima, na foleni ya mgao wa duka la kaya bado iko miguuni, na nikitoka nje jua linaelekea kuzama nilikuwa sijui kama ni asubuhi au ni jioni. Nilikuwa na furaha, na sijaipata tena ya namna ile.

Kassimu alikuwa mwoga wa watu. Akila alitazama sahani. Ukimsalimia barabarani alijibu viatu vyako. Lakini akivaa lile gitaa aliinua kichwa, na tulimwona macho. Nyumbani alipiga bila umeme, nyuzi tupu, kwa vidole vya taratibu, na bado mama yake alimwambia kutoka jikoni, "Kassimu, hebu punguza hilo libati lako." Tulimwalika mama mara nyingi. "Mtu mzima na ushungi wangu niende bugi?" alisema, na hilo lilitosha.

Kwa nini Mpiga Picha hakugeuka kumpiga Kassimu? Nilimuuliza zaidi ya mara moja, na kila mara alinipa jibu jipya, kama muuza duka asiye na chenji. Mara alisema akimtazama Kassimu atacheza, na mtu wa makamo akicheza picha hutikisika. Mara alisema wale wa jukwaani wanajua wanatazamwa, sisi hatujui, na uso usiojua ndio unaofaa mkanda. Jibu nililolipenda alilitoa siku anakunywa kahawa barazani, hata sikuwa nimemuuliza: "Muziki haupigiki picha, binti. Unapiga pale ulipotua."

Kassimu mwenyewe alimlalamikia mbele yangu. "Mzee, miaka yote hii, hata moja?"

"Yakhe, mkanda wenyewe huu," alisema Mpiga Picha. "Wewe utakuwepo tu. Kila Jumapili upo. Hawa ndio watakaotawanyika, mmoja ataolewa, mwingine atahamishwa kazi. Niache niwashike hawa."

Kassimu akacheka na kutazama chini. Ilionekana ni hesabu nzuri.

Kuna Jumapili moja ambayo naikumbuka kuliko zote. Walikuwa katikati ya wimbo mrefu, pale ambapo gitaa linapanda peke yake na wengine wananyamaza kumpisha, umeme ukakatika. Ngurumo ikazimika kama imewekewa mkono mdomoni. Tulizoea umeme kukatika. Kwa kawaida tungepiga miluzi na kutoka nje kutafuta upepo. Lakini Kassimu hakusimama. Aliendelea kupiga gitaa lile lililokufa, na katika kimya kile tukasikia kwa mbali, nyembamba, sauti ya nyuzi zenyewe. Hakuna aliyetuambia tunyamaze. Tulisogea. Mtu aliyekuwa anakohoa alijiziba kwa kiganja. Askari wa mlangoni alivua kofia ili masikio yawe wazi. Ukumbi wote ukainamia upande wa mtu mmoja, na nikasikia yule Mpemba mbele yetu anajisemea kwa sauti ya chini, "Subiri." Taa ikapasuka. Kisha Kassimu akamaliza, nyuzi zikanyamaza, na hatukupiga makofi kwa muda, maana tulikuwa tunaona kama bado anapiga.

Sikujua kama kamera ilikuwa na mkanda siku ile. Na hata kama ulikuwemo, karatasi za kusafishia zilikuwa adimu, akasafisha tu picha zilizokuwa na mwenyewe wa kuzinunua. Picha ya kundi la watu waliosimama gizani angeinunua nani?

Baadaye mambo yakafunguka. Ikawa ruksa. Mitumba ikaja, kila mtu na koti lake. Viatu vikaja, watu wakadai picha za mpaka chini. Mjini wakafungua duka la kusafisha picha za rangi ukiwa umesimama hapohapo, na vijana wakanunua vikamera vyao vidogo. Ukumbi wetu ukawa ghala la saruji. Wale vijana wanne wakatawanyika, Kassimu wa kwanza, na kanda za muziki zikauzwa barabarani kwa sauti za watu wa mbali. Mpiga Picha alivumilia kidogo, akauza kamera, akauza na koti, akahamia Pongwe kufuga kuku. Lile pazia la ndege nasikia lilitandikwa chini ya vifaranga.

Nilimfuata Pongwe baada ya Mama Kassimu kuniuliza tena, safari hii akiwa kitandani, ametoka kuugua. Nilimkuta mzee anapepeta pumba. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza shida yangu. Alipepeta mpaka ungo ukaisha.

"Kassimu sina," alisema. "Siku nilosikia msiba nilitoa mikanda yote, nkaitazama juani mmoja mmoja. Nilitafuta hata mkono wakwe. Hata kivuli. Sina."

Nikasema nimeelewa.

"Nilimwambia yeye atakuwepo," akasema. Akaweka ungo chini. "Neno lile lanikaa hapa, binti." Akajigusa koo. Sikuwa nimewahi kumwona mtu yule ana haja ya kusamehewa, nikasema ni kazi ya Mungu. Aliitikia, lakini hakukubali. Kisha akaniambia, "Akipata nguvu, nletee mamaake."

Zuhura nilipomweleza alinijia juu. "Unampeleka mama wa watu Pongwe kuonyeshwa picha ambayo mwanawe hayumo? Una akili kweli?" Lakini mama alikwisha kusikia kwamba kuna picha, na alikwisha kutoa ushungi wake wa sikukuu, na mimi sikuwa na moyo wa kumwambia aurudishe sandukuni.

Tulifika asubuhi. Mpiga Picha alikuwa amevaa kanzu safi na ile kofia ya viua, imechakaa sasa. Alitukalisha kwenye mkeka ukumbini mwa nyumba yake, akamsalimia mama huku macho yameinama, kama zamani. Kisha akaleta picha ndani ya bahasha ya khaki. Alikuwa ameisafishisha kwa mwenzake mjini, kubwa, ya kutosha kujaza mapaja. Akampa mama, akarudi kukaa kwenye kigoda.

Nikachungulia. Ilikuwa ile Jumapili. Ulikuwa mkanda wa kopo la maziwa. Ukungu umetanda, na ndani ya ukungu tumo sisi. Zuhura mdomo uko wazi nusu. Askari na kofia mkononi. Vijana niliokwisha kuwasahau majina, mmoja kaziba mdomo kwa kiganja. Mimi nimekinga mkono nyuma ya sikio. Shingo zote zimepinda upande mmoja.

Mama aliisogeza karibu na macho. Kidole chake kikapita uso kwa uso, safu ya kwanza, safu ya pili, mpaka pembeni kwenye giza.

"Yuko wapi?"

"Hayumo, mama. Yeye alikuwa upande huu tunaotazamia sisi. Nyuma ya mpiga picha."

Akaishusha mapajani. Uso wake ulizimika, na saa ile nilimchukia mzee yule, na nilijichukia mimi niliyemleta. Nikataka kusimama.

"Subiri," akasema Mpiga Picha, taratibu.

Mama akaiinua tena. "Huyu si wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Mbona umeshika sikio?"

"Umeme ulikatika, spika ikazima. Kassimu hakuacha kupiga. Tulikuwa tunajikaza tumsikie."

"Wote hawa?"

"Wote."

"Hata huyu askari?"

"Hata yeye. Kavua kofia."

Akaanza kuzipitia upya zile nyuso, sasa bila kutafuta, akikaa kwa kila moja, kama mtu anayepokea wageni mlangoni na kumpa kila mmoja mkono.

"Mimi nilikuwa namwambia apunguze," akasema.

Uani kuku walikuwa wanaparura. Mama akainamia picha, akausogeza ushungi nyuma ya sikio, na shingo yake ikapinda polepole, upande uleule wa shingo zetu, akatulia hivyo na macho yamefumba. Nilifungua mdomo nimsemeshe. Nikageuka kwanza kumtazama Mpiga Picha.

Alikuwa ameshaondoka kwenye kigoda. Amesimama mbele ya mama, hainamishi macho, mikono mitupu kifuani pale kamera ilipokuwa ikikaa, na kidole chake cha mkono wa kulia kikashuka.